Tiba ya Macho kwa Mazoezi na Mipaka Yake

Miongoni mwa tiba wanazoelezwa wazazi wenye watoto wasioona vyema, tiba ya macho kwa mazoezi ina mvuto wa pekee. Haina kisu wala sindano, haimlazi mtoto hospitalini, wala haimvishi miwani ambayo huenda wenzake shuleni wakamtania kwayo. Mtoto hukaa mbele ya mtaalamu akafuata kwa macho ncha ya kalamu, akatazama shanga zilizotungwa katika uzi, au akacheza mchezo katika kompyuta. Wazazi nao huahidiwa kwamba baada ya majuma kadhaa macho yatakuwa yamenyooka na kupata nguvu, na pengine hata alama za mtoto darasani zitakuwa zimepanda. Ni mzazi gani asiyependa tiba ya namna hiyo?

Tatizo ni kwamba jina hilo moja limefunika mambo mengi yasiyofanana. Yapo mazoezi yaliyothibitishwa kwa majaribio ya kisayansi yaliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Yapo ambayo bado hayajathibitishwa. Na yapo yaliyokwisha kupimwa yakaonekana hayana faida. Baadhi ya madaktari huyakataa yote kwa jumla, ilhali baadhi ya wanaoyatoza fedha huyasifu yote kwa jumla. Pande hizo mbili zinakosea kwa namna moja: zinabishana kama mazoezi ya macho yanafaa au hayafai, ambapo swali la haki ni kwamba yanafaa kwa ugonjwa upi. Hakuna awezaye kusema kama dawa inafaa pasipo kwanza kuyataja maradhi. Ndivyo ilivyo pia kwa mazoezi, na mtoto asiyeona vyema hana budi kupimwa kwanza, ndipo aamuliwe zoezi, miwani, au kisu.

Kasoro tatu zisizofanana

Ili kuielewa hoja hii, yafaa kukumbuka jinsi kuona kunavyotendeka. Mwanga huingia katika jicho kwa kupitia konea, ukapita katika tundu la mboni, ukapindwa na lenzi, kisha ukaangukia retina, yaani utando wenye hisia ya mwanga ulioko nyuma ya jicho. Kutoka hapo neva hupeleka habari hadi ubongoni, na kwa hakika ubongo ndio unaoona. Kila jicho lina misuli 6 ya nje inayoligeuza huku na huku, na ndani yake mna msuli mwingine mdogo unaobadili umbo la lenzi ili mtu aone vya karibu na vya mbali. Macho mawili hupeleka picha mbili zinazotofautiana kidogo. Ubongo huziunganisha zikawa moja, na kutokana na tofauti hiyo ndogo mtu hutambua kina na umbali wa vitu.

Kasoro za kuona ambazo hazitokani na maradhi ya moja kwa moja zaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kasoro za umbo. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi urefu huo kwa milimita 1 tu, picha ya kitu cha mbali hufanyika mbele ya retina badala ya juu yake, na kila kitu kilicho mbali kupita nusu mita huonekana kwa ukungu. Huyo ndiye mwanafunzi asiyeweza kusoma ubao.

Fungu la pili ni kasoro za ushirikiano. Kila jicho laweza kuona vizuri likiwa peke yake, lakini yote mawili yakashindwa kuelekea mahali pamoja. Katika makengeza jambo hili huonekana wazi. Kuna kasoro nyingine iliyojificha, nayo ni upungufu wa nguvu ya kukutanisha macho: yanapotakiwa kuelekea ndani ili kusoma kitabu kilicho karibu, huchoka, maneno yakawa mawili, na kichwa kikauma.

Fungu la tatu ni kasoro ya ubongo kutolisikiliza jicho moja. Ikiwa tangu utotoni jicho moja linaleta picha yenye ukungu, au limepinda likatazama kwingine, ubongo hulipuuza na kulitegemea jicho lililo bora. Mishipa ya fahamu ya jicho lililopuuzwa haipati kukomaa inavyopasa. Hali hii huitwa jicho vivu, na hupata kiasi cha mtoto 1 hadi 3 katika kila watoto 100.

Tofauti baina ya mafungu haya ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Zoezi laweza kuufundisha ubongo, na laweza kuizoeza misuli kutenda kazi pamoja. Haliwezi kulifupisha jicho lililorefuka.

Asili ya tiba hii

Wanaoidharau tiba ya mazoezi husahau kwamba ina asili yenye heshima. Mwaka 1839, mjini Berlin, daktari Johann Friedrich Dieffenbach alimpasua mgonjwa wa makengeza kwa kukata msuli wa jicho. Habari zikaenea Ulaya nzima, na madaktari wengi wakaiga kwa pupa. Macho mengine yalinyooka. Mengine yakageukia upande wa pili.

Mwaka huohuo wa 1839 alizaliwa Ufaransa mtu aliyekuja kutafuta njia nyingine. Louis Émile Javal alikuwa na dada mwenye makengeza, naye hakupenda dada huyo apasuliwe kwa njia za wakati ule. Alichukua stereoskopu, chombo kilichobuniwa na Mwingereza Charles Wheatstone na kuelezwa mwaka 1838, ambacho hulionyesha kila jicho picha yake na kuulazimisha ubongo kuziunganisha. Kwa chombo hicho alimzoeza dada yake kuyatumia macho yote mawili. Mwaka 1896 alichapisha kitabu kikubwa juu ya makengeza, na katika karne ya 20 kazi yake ikazaa fani ya orthoptiki, ambayo mpaka leo hufanywa hospitalini bega kwa bega na madaktari wa macho.

Hivyo basi, mazoezi hayakuanza kama uganga wa mitaani. Yalianza kama jibu la kasoro maalumu, yaani ubongo usiotumia macho mawili kwa pamoja. Upotovu ulikuja yalipotolewa katika kasoro hiyo na kupelekwa kila mahali.

Ahadi ya kutupa miwani

Aliyefanya hivyo kwa sauti kubwa kuliko wengine alikuwa William Horatio Bates, daktari wa macho wa New York. Katika kitabu chake cha mwaka 1920 alidai kwamba kutoona mbali, kutoona karibu, na kasoro nyingine za umbo hutokana na macho kukazwa mno, na kwamba misuli ya nje ndiyo inayolirefusha na kulifupisha jicho, wala lenzi haihusiki. Dawa yake ilikuwa kufunika macho kwa viganja, kuyayumbisha, na hata kuyaelekeza kwenye jua, jambo linaloweza kuiunguza retina isipone tena. Mwaka 1942 mwandishi maarufu Aldous Huxley alitoa kitabu cha kuisifu njia hiyo, na sifa zake zikaenea zaidi.

Dai hilo lilikuwa limekwisha kukanushwa zaidi ya miaka 100 kabla ya kutolewa. Mwaka 1801 Mwingereza Thomas Young alionyesha kwa majaribio juu ya macho yake mwenyewe kwamba jicho linapohama kutoka kitu cha mbali hadi cha karibu, urefu wake haubadiliki wala konea haibadiliki. Kinachobadilika ni lenzi. Kila mgonjwa aliyeondolewa lenzi kwa ajili ya mtoto wa jicho huthibitisha jambo hilo, kwani misuli yake ya nje ni mizima, lakini uwezo wa kubadili mwelekeo kutoka mbali hadi karibu umekwenda.

Mbona basi wapo watu waaminifu wanaoshuhudia kwamba walitupa miwani wakaona? Sababu ziko kadhaa, na hazihitaji muujiza. Mtu asiyevaa miwani kwa muda huzoea kukisia herufi zenye ukungu, akasoma mstari mmoja au miwili zaidi katika chati ilhali jicho lake halikubadilika hata kidogo. Anapofinya kope hupunguza upana wa mwanga unaoingia, na picha ikawa kali zaidi kwa kitambo. Tena watoto wengi huzaliwa na macho mafupi kidogo, ambayo hurefuka yenyewe kadiri wanavyokua. Mzazi aliyekuwa akimfanyisha mtoto mazoezi wakati huo huyapa mazoezi sifa iliyo haki ya maumbile.

Uchina umetoa fundisho kubwa katika jambo hili. Tangu mwaka 1963 wanafunzi wa huko wamekuwa wakifanya mazoezi ya macho shuleni, wakikanda sehemu maalumu zinazozunguka macho kwa hesabu na kwa pamoja. Hata hivyo, mwaka 2018 takwimu za serikali ya nchi hiyo zilionyesha kwamba asilimia 53.6 ya watoto na vijana walikuwa na tatizo la kutoona mbali. Haiwezi kusemwa kwamba mazoezi ndiyo yaliyoleta tatizo. Linaloweza kusemwa ni kwamba hayakulizuia. Kilichosaidia kwa kiasi fulani kilikuwa kitu kingine kabisa. Katika jaribio la mjini Guangzhou, matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2015, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, waliokuwa wamepata tatizo hilo walikuwa asilimia 30 hivi katika shule hizo, na karibu asilimia 40 katika shule ambazo hazikubadili ratiba. Mwanga wa nje ulifanya kazi ambayo mkando wa macho haukuifanya.

Pale yanapofaa

Baada ya kusema hayo, ni haki kusema pia pale ambapo mazoezi yameshinda. Kwa upungufu wa kukutanisha macho, ushahidi ni wa kuridhisha. Mwaka 2008 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio lililohusisha vijana 221 wenye umri wa miaka 9 hadi 17. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi moja lilifanya mazoezi mbele ya mtaalamu kila juma pamoja na mengine nyumbani. La pili lilifanya nyumbani zoezi la zamani la kusogeza kalamu kuelekea pua. La tatu lilitumia kompyuta na kalamu nyumbani. Na la nne lilikwenda kwa mtaalamu kama la kwanza, lakini likapewa mazoezi ya kuigiza tu, yasiyo na nguvu ya tiba. Baada ya majuma 12, waliopona au kupata nafuu walikuwa asilimia 73 katika kundi la kwanza, 43 katika la pili, 33 katika la tatu, na 35 katika la nne.

Tarakimu hizi zastahili kusomwa mara mbili. Zinamwambia daktari mwenye dharau kwamba tiba ya mazoezi inayosimamiwa vizuri huponya kasoro ambayo miwani ya kawaida na kisu havikukusudiwa kuiponya. Zinamwambia pia mtu mwenye shauku kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliopewa mazoezi ya kuigiza walipata nafuu. Kama jaribio lisingekuwa na kundi la namna hiyo, theluthi hiyo yote ingehesabiwa kuwa ushindi wa mazoezi. Ndiyo sababu ushuhuda wa mgonjwa mmoja aliyepona, hata awe mkweli namna gani, hauwezi kuwa msingi wa tiba.

Kwa jicho vivu, tiba isiyo ya kisu ina umri mrefu zaidi. Mwaka 1743 Mfaransa Buffon alipendekeza jicho zima lifunikwe ili jicho dhaifu lilazimike kufanya kazi. Sababu ya njia hiyo kufaa ilieleweka vizuri baadaye, David Hubel na Torsten Wiesel walipoonyesha kwa uchunguzi wa ubongo wa paka wachanga kwamba jicho lililofungwa katika kipindi fulani cha utoto hupoteza nafasi yake ubongoni. Kwa kazi yao juu ya ubongo na kuona walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1981.

Majaribio ya karne hii yameirahisisha tiba hiyo kwa namna inayopaswa kuwafurahisha watu wa nchi zisizo na fedha nyingi. Mwaka 2002 ilionyeshwa Marekani, kwa watoto 419 wenye umri wa chini ya miaka 7, kwamba matone ya atropini katika jicho zima, ambayo hulitia ukungu kwa muda, huleta matokeo yanayokaribiana na ya kulifunika. Mwaka 2003 ikaonyeshwa kwamba kwa jicho vivu la kiasi, kufunika kwa saa 2 kwa siku kulitosha sawa na saa 6. Mwaka 2006 ikaonekana kwamba kwa watoto ambao macho yao yanatofautiana nguvu, miwani peke yake iliondoa kabisa ugonjwa kwa mtoto mmoja hivi katika kila wanne. Na mwaka 2008 ikathibitika kwamba haikujalisha kama mtoto aliyefunikwa jicho alipewa kazi za karibu au aliachwa atazame vitu vya mbali. Maana yake ni kwamba mtoto aweza kufunikwa jicho akacheza uani kwao, bila chumba maalumu wala mashine.

Umri, hata hivyo, una amri yake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005 lilionyesha kwamba kwa watoto wa miaka 7 hadi 12, kufunika jicho na matone, pamoja na miwani, kulileta nafuu kwa asilimia 53, ikilinganishwa na asilimia 25 kwa miwani pekee. Kwa wale wa miaka 13 hadi 17 tofauti hiyo ilikuwa karibu kutoweka. Samaki mkunje angali mbichi. Wapo watu wazima waliofaulu: mwanasayansi wa Marekani Susan Barry, aliyekuwa na makengeza tangu utotoni, alianza kuona kina cha vitu akiwa na umri wa miaka 48 baada ya mazoezi chini ya mtaalamu, akaandika kitabu juu yake mwaka 2009. Kisa chake kinafundisha kwamba mlango haufungwi kabisa kama ilivyodhaniwa zamani. Hakifundishi kwamba mzazi aweza kungoja.

Macho na kitabu

Dai linalowagusa wazazi kuliko yote ni kwamba mazoezi ya macho huwaponya watoto wazito wa kusoma. Mtoto anayeruka mistari na kuchanganya herufi huonekana kama mtoto mwenye kasoro ya macho. Lakini tatizo la kusoma liitwalo disleksia hutokana kwa sehemu kubwa na jinsi ubongo unavyounganisha herufi na sauti za lugha, wala si jinsi macho yanavyotembea. Mtoto asiyefahamu anachokisoma hurudisha macho nyuma mara kwa mara. Kutangatanga huko ni matokeo ya ugumu wa kusoma, si chanzo chake. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuyatumia mazoezi ya macho kutibu matatizo ya kujifunza.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja mwaka 2019, ukitoka kwa watafiti walewale waliokuwa wamethibitisha faida ya mazoezi kwa upungufu wa kukutanisha macho. Waliwachukua watoto zaidi ya 300 wenye upungufu huo, wakawapa baadhi yao mazoezi ya kweli na wengine ya kuigiza kwa majuma 16, kisha wakawapima ufahamu wa kusoma. Makundi yote mawili yalipanda kwa kiasi kilicho karibu sawa. Mtoto ambaye macho yake hayaumi tena amepata faida ya kweli, na ana haki ya kuipata. Lakini kusoma hufundishwa na mwalimu, kwa subira na kwa vitabu.

Je, mazoezi hayana madhara?

Hapa huzuka hoja ya mwisho ya watetezi: hata kama zoezi halifai, halidhuru. Hoja hii yaonekana ya upole, lakini ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Madhara ya zoezi lisilofaa hayamo katika zoezi lenyewe, bali katika muda linaoula. Mtoto wa miaka 5 mwenye jicho vivu anayepotezewa miaka 3 katika mazoezi yasiyo yake hupoteza sehemu ya kipindi ambacho kitambaa juu ya jicho kwa saa 2 kwa siku kingetosha. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito huhitaji kupasuliwa mapema sana, katika majuma ya mwanzo ya maisha ikiwezekana, kwa kuwa ubongo wake unangoja picha ambayo haifiki.

Lililo zito kupita yote ni hili: makengeza yanayomtokea mtoto mdogo yaweza kuwa dalili ya saratani ya retina, iitwayo retinoblastoma. Dalili yake nyingine ni weupe ndani ya mboni, unaoonekana hasa katika picha iliyopigwa kwa mwanga mkali. Ugonjwa huu ukiwahiwa, mtoto huweza kupona, na mara nyingine hata jicho likaokolewa, ukicheleweshwa, huua. Anayempokea mtoto mwenye makengeza na kumwanzishia mazoezi kabla ya daktari kuitazama retina yake anacheza na uhai wa mtoto huyo.

La kufanywa

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2019, lilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungeweza kuzuiwa, au bado haujatibiwa. Sehemu kubwa ya hao wanangoja kitu kinachojulikana tangu kale, yaani miwani, au upasuaji wa mtoto wa jicho. Nchi ya Afrika Mashariki yenye wataalamu wachache wa macho haina budi kupanga kazi zake kwa kuzingatia ukweli huo.

Kwanza, upimaji wa macho ya watoto uanze kabla ya darasa la kwanza na urudiwe shuleni. Kazi hiyo haihitaji daktari katika kila shule. Katika eneo la Trans Nzoia, Kenya, walimu walifundishwa kupima macho ya wanafunzi kwa simu za mkononi, na wazazi wakapelekewa ujumbe na kuonyeshwa kwa picha jinsi mtoto wao anavyouona ulimwengu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba asilimia 54 ya watoto waliopewa rufaa kwa njia hiyo walifika hospitalini, ikilinganishwa na asilimia 22 katika shule zilizotumia njia ya kawaida. Fundisho ni kwamba kumgundua mtoto ni nusu tu ya kazi; nusu ya pili ni kumshawishi mzazi.

Pili, mazoezi yaliyothibitishwa yafundishwe kwa watumishi wengi zaidi. Moshi, ambako Hospitali ya KCMC imekuwa ikifunza wataalamu wa macho kwa miaka mingi, na vyuo vingine vya namna hiyo katika kanda hii, vina uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Vifaa vyake vingi ni vya kushangaza kwa urahisi wake: kitambaa cha kufunika jicho huweza kushonwa na fundi yeyote, na uzi wenye shanga 3, uliobuniwa na Frederick Brock kwa kuyazoeza macho kukutana mahali pamoja, haushindi uwezo wa kijiji chochote. Kinachohitajika kwa gharama ni mtaalamu wa kuamua nani autumie na kuangalia maendeleo yake. Atropini nayo itolewe na daktari tu, na chupa iwekwe mbali na watoto, maana ni sumu ikinywewa.

Tatu, anayetoza fedha kwa tiba ya mazoezi atakiwe kumwandikia mzazi mambo matatu: jina la kasoro aliyoikuta, kipimo atakachotumia kuonyesha nafuu, na muda ambao nafuu isipoonekana tiba itakoma. Asiyeweza kuyaandika hayo hajaijua kasoro, na hastahili kulipwa. Ahadi za kutupa miwani au kupandisha alama za shule kwa mazoezi ya macho zikatazwe na vyombo vinavyosimamia taaluma za afya, kama zinavyokatazwa ahadi za dawa zisizothibitishwa.

Nne, watafiti wa hapa wafanye majaribio yao wenyewe. Matokeo mengi yaliyotajwa yametoka Marekani, ambako mtoto hufika kliniki kwa gari kila juma. Haijulikani bado ni njia ipi itakayodumu kwa mtoto anayetembea saa mbili hadi zahanati, na ambaye mama yake ana shamba la kulima asubuhi. Jaribio la kulinganisha mazoezi yanayosimamiwa na muuguzi wa kijijini na yale ya hospitali ya mkoa laweza kufanywa bila mitambo ya gharama, na faida yake ingewafikia watoto wa nchi nyingi zenye hali kama hii.

Mzazi naye asingoje hayo yote yatimie. Mtoto anayegeuza kichwa ili aone, anayefumba jicho moja juani, anayesogea karibu mno na kitabu, au ambaye macho yake hayaelekei mahali pamoja baada ya miezi michache ya mwanzo ya uhai wake, apelekwe kwa mtaalamu wa macho mapema iwezekanavyo. Akiisha kupimwa, na akaambiwa kwamba tiba yake ni mazoezi, basi ayafanye kwa bidii na bila kuona haya. Akiambiwa ni miwani, avae miwani.